Kidari cha Mkwe

Baba mkubwa alinishika mkono mlangoni akasema nimekonda. Sketi yangu ya Noeli ilijua kwamba si kweli, kwa hiyo niliyachukua maneno yake kama adabu tu. Muda mfupi baadaye akamwambia shangazi kwamba amekonda, kisha binti wa shangazi, kisha mtoto mchanga ambaye hakuwahi kuonana naye. Baba mdogo alipofika kutoka Kalundu, tumbo lake likiwa limemtangulia hatua moja, naye pia akaambiwa:

"Ndugu yangu, umekonda sana. Ile kazi ya bandarini inakumaliza."

Watu walicheka. Baba mdogo hakucheka. Alimtazama kaka yake kwa muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji, kisha akaenda kuketi kwenye kiti chake cha kila mwaka, ingawa kwa kweli miaka miwili ilikuwa imepita bila yeyote wetu kufika Nyakabere, kijijini kwetu. Barabara haikuwa ya kuaminika. Kwetu sentensi hiyo inatosha, hakuna anayeuliza zaidi. Mwaka huu ilikuwa wazi, na sisi wa mjini tukapanda gari kwenda kula mbuzi wa Noeli kana kwamba tulikuwa tumetoka jana.

Mimi nilikuwa nimetoka Kimanga, mtaa wa mjini, ambako nina chumba kimoja cha mbele chenye kompyuta na mashine ya kutoa nakala. Nina shahada ya sosiolojia. Inanisaidia kuwachapia wanafunzi wengine kazi zao za sosiolojia. Nilipokuwa nikisoma nilijijengea sifa katika ukoo wetu ya kuwa mtu wa maswali: kwa nini hivi, nani alisema, tangu lini. Mama yangu huwaambia watu kwamba ni ugonjwa unaopatikana chuoni na kwamba ndoa huuponya.

Kanisani asubuhi ile niliuona muda ulivyokwenda, na sikuhitaji kitabu kunionyesha. Benchi la bibi vizee lilikuwa limejaa wanawake ambao katika kichwa changu bado walikuwa dada wakubwa. Waliimba nyimbo zilezile za Kirundi, kwa sauti zilezile zilizozidi kidogo, na walipopiga magoti walishika benchi la mbele kwanza. Padri alisema kwamba Mungu hageuki. Nilifikiri kwamba Mungu peke yake ndiye anayeweza kujiruhusu hilo.

Tuliporudi nilipewa beseni.

Hapa lazima nieleze jinsi tunavyokula mbuzi, kwa sababu jirani zetu hawafanyi hivi, na nilipoeleza chuoni mwalimu wangu alidhani naongopa ili nipate maksi. Nyama haipakuliwi kutoka sufuriani. Inachemshwa kwa vipande vikubwa, inalazwa juu ya majani ya mgomba uani, na mkubwa wa familia anaketi mbele yake kwenye kigoda akiwa na kisu. Anaita nyumba moja moja. Anayeitwa ananawa, ananyoosha mikono yote miwili, na mkubwa anaishika na kumwekea sehemu yake humo. Mbavu ni za wanawake wote walioolewa. Shingo ni ya wale waliohama, kwa sababu, alivyosema baba mkubwa, shingo ndiyo inayogeuka kutazama nyumbani. Mimi nimekula shingo tangu nilipokwenda chuo, na nina shaka kwamba sababu ya kweli ni kuwa shingo ni ngumu na waliohama hawapo kulalamika. Kichwa ni cha mkubwa mwenyewe. Na kidari, nyama laini yenye mafuta, ni cha wakwe. Wakwe wasipopewa kidari wamekataliwa. Wakipewa shingo wameambiwa wageuke warudi kwao.

Beseni la kunawia hushikwa na binti wa nyumba ambaye hajaolewa. Nililishika kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na mbili, na nilijivuna. Sasa nina miaka ishirini na minane. Mabinti wote niliowatangulia walikuwa wameketi mkekani na watoto mapajani, wakinitazama jinsi watu wanavyomtazama askari ambaye hapandi cheo.

"Dada mukubwa," akasema mmoja, "hii diplome ya maji weye utaipata lini?"

"Bado naandika kazi ya mwisho," nikamwambia.

Nilikwenda nyuma ya jiko kuchukua birika. Mama mkubwa, mke wa baba mkubwa, alikuwa akipangusa majani ya mgomba kwa kitambaa.

"Mama mkubwa, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Macho ya baba."

Aliendelea kupangusa jani ambalo lilikuwa tayari safi. "Weye umefika sasa hivi, unaanza na maulizo."

"Anaambia watu wote wamekonda."

"Minye nilimwambia aseme wamenenepa. Alikataa. Eti ni matusi." Akaliweka jani chini. "Tangu mavuno ya mupunga, ile ya kwanza. Anaona mwanga na kivuli. Mutu akisimama mulangoni anajua mutu iko, ila hajue ni nani mpaka aongee. Ku hospitali walisema ni mutoto wa jicho, wanaweza kupasua. Akasema sawa, nyuma ya Noeli. Noeli gani, hakusema."

"Na watu hawajui?"

"Watu wa hapa wanajua. Wanaongea kwa nguvu, basi. Baba yako mudogo ndiye hajue, na asijue. Iko na kisu mupya mu gari. Nilikiona. Iko mu kartoni yake."

Hapo nikaelewa kwa nini alikuwa ananong'ona. Baba yangu mzazi, wa katikati, alikwisha kufa. Kwa hiyo kisu kikitoka kwa baba mkubwa kinakwenda kwa baba mdogo, na kikishakwenda hakirudi. Anayekata nyama ndiye anayeamua shamba lipi linalimwa na nani, na ndiye anayeketi na wakwe. Na wakwe walikuwa wanakuja siku ileile. Binti wa mwisho wa baba mkubwa alikuwa amechumbiwa na kijana wa milimani, na baba mdogo wa kijana huyo, mzee shemasi wa kanisa la Kiprotestanti, alikuwa anashuka kula nasi kwa mara ya kwanza. Kama baba mkubwa angekosea mbele ya mgeni huyo, baba mdogo hangehitaji kusema neno.

Maoni yangu yalikuwa wazi, kama kawaida. Mtu asiyeona asishike kisu. Kuficha jambo linalojulikana na nusu ya kijiji ni upuuzi, na macho yanaweza kupasuliwa. Nikaenda kumwambia. Alikuwa akinoa kisu kwenye jiwe, polepole, akipima ukali kwa ukucha.

"Baba, hauone."

"Nani amesema?"

"Hakuna amesema. Minye niko naona."

"Basi kama weye uko unaona, inatosha. Haiko lazima wote tuone." Akageuza kisu. "Mbuzi minye namujua kwa mikono. Hata ungenifunga kitambaa ku macho ningekukatia mufupa kwa mufupa. Shida haiko mbuzi. Shida ni watu. Watu wanafanana sana wakinyamaza."

Hakuniomba kitu. Aliendelea kunoa. Lakini mimi ndiye niliyekuwa na beseni, na kila mtu alipaswa kupita kwangu kwanza. Ningekuwa nimeolewa ningekuwa mkekani na mbavu zangu, bila kazi.

Shemasi alifika na koti zito la milimani ambalo huku bondeni lilikuwa adhabu, akakataa kasikisi, pombe yetu ya ndizi, kwa heshima, akapewa Fanta. Tukaanza.

"Shangazi, karibu maji," nikasema, kwa sauti ya mtu anayeuza samaki.

Baba mkubwa akageuza kichwa kidogo. Mikono ya shangazi ilipofika aliishika na kumwekea sehemu yake. "Dada yangu. Kula, umekonda."

"Mama wa mapacha, nawa."

Mbavu.

"Baba wa jirani, uliyetusaidia kupasua kuni, maji hii hapa."

Tulikwenda hivyo, nyumba baada ya nyumba, na lazima nikiri kwamba tulikuwa wazuri. Alikata bila kusita, kiungo kilipo. Vidole vyake vilitangulia, kisu kikafuata, na wageni wangeweza kudhani anatazama mbali kwa ajili ya fahari. Binamu zangu walidhani nimepatwa na unyenyekevu. Mama mkubwa, kutoka mlango wa jiko, alikuwa ameacha kufuta mikono yake.

Kisha baba mkubwa akaita wakwe.

Shemasi alikuwa amekaa chini sana na magoti yake yalihitaji muda. Alikuwa bado anatafuta mahali pa kuweka mkono ainuke, ndipo baba mdogo aliposimama kutoka kwenye kiti chake, akavuka uani kwa viatu vyake vya kung'aa, akaja mbele yangu. Akanyoosha mikono juu ya beseni. Kabla ya hapo aliweka kidole mdomoni, akinitazama.

Nilimmwagia maji. Neno lilikuwa tayari mdomoni: baba mdogo, hii haiko zamu yako. Ni maneno machache. Nikanyamaza. Ningependa kuandika kwamba niliogopa, au kwamba alinishtua. Hapana. Nilitaka kuona. Ndicho nilichofundishwa kwa miaka mitano, kwa michoro na mishale: usiingilie, tazama kitakachotokea.

Baba mkubwa alishika mikono ile kwa mikono yake yote miwili. Akaweka ndani yake kidari, kizima, kinachong'aa mafuta, na akasema kwa sauti ambayo lazima alikuwa ameifanyia mazoezi:

"Mukwe wetu. Umeshuka kwetu, usiwe mugeni tena. Nyumba ni yako."

Uani pakawa kimya. Hata watoto, ambao hujua vipande vya mbuzi kabla ya kujua kuhesabu, waliacha kutafuna. Shemasi alikuwa amesimama sasa nyuma ya baba mdogo, koti limefungwa vifungo vyote, akisubiri kwa upole. Juu ya majani ilibaki shingo na kichwa.

"Kaka," akasema baba mdogo. "Ni minye."

Hakusema kwa ushindi. Baadaye nilikumbuka hilo. Wakati ule niliona tu kwamba baba mkubwa hakuiachia mikono. Aliendelea kuishika, kichwa kimeinama upande mmoja, akiusikiliza ule ukimya wote hadi mwisho wake.

"Najua ni weye," akasema. "Mutu anakuja kwetu mara moja ku mwaka. Anashuka mu gari na viatu ya kung'aa. Anapewa kiti, anakula nyama, na mbele ya jua kushuka anarudia kwake. Mutu wa vile tunamwita nani, kama haiko mukwe?"

Shangazi alicheka kwanza, kicheko kilichomtoka na mfupa mdomoni. Kisha mikeka yote ikafuata. Binamu mmoja akasema, "Mukwe, wapi basi mahari yetu?" na baba mdogo akabaki amesimama katikati ya uani na kidari mikononi, mafuta yakimtiririkia ndani ya mkono wa shati, akitabasamu jinsi mtu anavyotabasamu akipigwa picha ya kitambulisho.

"Na mukwe wa kweli iko wapi?" akauliza baba mkubwa.

"Niko hapa, Mzee," akajibu shemasi.

Baba mkubwa akageuka moja kwa moja upande wa sauti. "Weye sikupe kidari. Kidari inapewa mukwe wa kila siku. Weye nakupa kichwa, ile yangu, tule sahani moja."

Hakuna aliyewahi kusikia kitu kama hicho. Shangazi alisema papo hapo kwamba babu yao aliwahi kufanya hivyo. Nina hakika aliizua palepale hadithi hiyo, na nina hakika pia kwamba mwakani itakuwa desturi ya tangu zamani. Niliona kwa macho yangu mila ikizaliwa, na sikuwa na kalamu.

Walikula kichwa pamoja. Nilipompelekea shemasi maji ya mwisho, aliinama karibu nami.

"Mutoto wangu, ile shingo ilienda kwa nani?"

"Ni yangu, Mzee. Yangu na ya baba mudogo, ila yeye leo ana kidari."

"Aa." Akanawa kidole kimoja kimoja. "Shiye kule juu hatuna haya mambo ya sehemu, tunakulaka tu. Ila minye napendaka shingo."

Nikampa. Aliila kwa furaha kubwa huku binamu zangu wakigeuza macho pembeni kwa aibu.

Mgeni aliondoka ameridhika. Mazungumzo ya ndoa yangeendelea mwezi wa kwanza. Baba mkubwa aliniita nyuma ya jiko nimmwagie maji. Alisugua mikono kwa majivu, muda mrefu.

"Ulinyamaza," akasema.

"Ndiyo."

"Sababu gani?"

"Nilitaka kuona."

"Na uliona?"

"Niliona, baba."

Alinyoosha mikono nikammwagia tena. 

"Sikumujua," akasema. "Yule iko ndugu yangu. Nilimukokota kwa mukono mpaka ku shule, kila siku, kwa sababu alikuwa anakimbia. Tulilima mupunga pamoja mpaka akaenda mujini. Ile mikono ilikuwa kama ganda ya muti. Leo nimeishika nikasema, hii ni mikono laini, ni ya mutu wa kanisa." Akakung'uta maji. "Kumbe ile kazi ya karatasi ku bandari nayo inabadilisha mutu. Kama hangesema 'kaka', ningemubariki kama mugeni mpaka jioni."

Aliingia ndani akigusa ukuta kwa kidole kimoja, kama mtu anayekagua chokaa.

Baba mdogo alinirudisha mjini. Jua lilikuwa bado juu, kama ilivyosemwa. Kartoni ya kisu ilikuwa kwenye kiti cha nyuma, haijafunguliwa. Kwenye mashamba ya miwa ya Kiliba akapunguza mwendo ingawa barabara ilikuwa nzuri.

"Weye mutu wa maulizo," akasema, "leo minye ndiye nauliza. Haone, eh?"

"Anaona kidogo."

"Kidogo. Aliniambia nimekonda." Akapiga tumbo lake kama mtu anayeonyesha ushahidi. "Macho, tutaita munganga, tutampeleka hata kwa nguvu. Haiko hiyo nauliza. Minye nilimupa mikono yangu na sikuongea. Nilisema, acha nione. Kama atanijua, kisu ibaki kwake mpaka afe, hata akate vidole yake mwenyewe. Kama hanijue, ku Bonane, siku ya mwaka mupya, naita familia, nakitwaa." Alitazama barabara. "Weye ulikuwa pale karibu. Alinijua?"

Lilikuwa swali safi, la ndiyo au hapana, na nilikuwa na jibu kutoka kwa mhusika mwenyewe. Chuoni wangenionea wivu.

"Alikujua," nikasema.

"Mbele nisema kaka, ao nyuma?"

Kabla au baada: hilo sikulitegemea. Ukoo wetu una mtu mwingine wa maswali na sikuwahi kumtambua.

"Mbele," nikasema. "Aliniambia nyuma ya jiko. Alisema hiyo mikono hawezi kuisahau, alikukokota nayo mpaka ku shule."

Akabadilisha gia. Tulipita miwa, tukapita wanawake waliobeba magunia ya mkaa, tukapita kundi la ng'ombe ambalo kwa kawaida angelipigia honi. Nikaanza kufikiri kwamba hakuniamini, na kwamba hiyo ingekuwa haki.

"Basi alijua ni minye," akasema, "na akanipa kidari kwa kusudi."

"Ndiyo."

"Akaniita mukwe mbele ya watu wote. Mbele ya mugeni. Haikuwa kosa, ilikuwa ni matusi."

Nilikuwa sijaufikiria upande huo. Nilikuwa nimeokoa kisu na kuanzisha ugomvi.

"Baba mudogo," nikaanza.

"Alinitukana," akasema, na nilipomgeukia nikaona kwamba anacheka, bila sauti, tumbo likigusa usukani. "Yule muzee. Hata haone, anajua kutukana."

Sijawahi kuona mtu akifurahia kutukanwa kiasi kile. Alirudia mara mbili kabla ya Kavimvira, mara moja akiigiza sauti ya kaka yake, na aliigiza vizuri. Kwenye kizuizi cha hapo askari alitoka kibandani na bunduki begani, akainama dirishani akauliza tunatoka wapi.

"Nyakabere," akasema baba mdogo. "Ku Noeli, kwa kaka yangu mukubwa. Amenitukana leo mbele ya watu wote."

Askari alimtazama, akanitazama mimi, akarudi kumtazama yeye. Kisha akashusha kamba, tukapita.